Dawa za Kichina na Usahaulifu wa Wazee Wetu

Mwaka huu habari moja imenifikia mara nyingi, hapa Mpanda mjini na katika vijiji vya upande wa Mlele, hata kushukia ziwani Karema. Ni habari ya dawa za Kichina wanazouziwa wazee walioanza kusahau. Dawa hizo huuzwa siku za mnada, katikati ya kanga na masufuria, mwenye kuuza ameshika kipaza sauti. Huuzwa tena majumbani kwa mkono wa jirani au mtoto wa shangazi, ambaye ameingizwa katika biashara hiyo na kuahidiwa kwamba akiwaingiza wenzake kumi atatajirika. Nyingine ni vidonge katika chupa, nyingine ni majani ya kutia katika maji ya moto, na juu ya pakiti pana picha ya mlima na mzee mwenye ndevu nyeupe. Bei yake, kwa mtu wa kijiji, ni gunia zima la mahindi kwa dawa ya mwezi mmoja. Wengi wamenunua, na wengine wanauza mbuzi wapate kununua tena. Mimi ni mdogo kwa wengi wenu, walakini kazi yangu ni kufundisha watoto kuuliza, nami naona yanipasa kusema wazi kwamba biashara hii, jinsi ifanywavyo kwetu, ni mbaya. Nitaonyesha sababu zangu, maana kulaumu bila sababu ni kazi ya mvivu.

Msinidhanie kuwa nawadharau Wachina, wala mitishamba. Waganga wa Kichina walifika Unguja mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na watu wengi wa nchi hii wamepona mikononi mwao. Tena kila mzazi wa Katavi ambaye mtoto wake aliugua malaria akapewa dawa mseto, mtoto huyo alimezeshwa kitu kilichotokana na jani la Kichina. Habari yake yafaa kujulikana. Katika karne ya nne baada ya Kristo, Mchina mmoja, jina lake Ge Hong, aliandika katika kitabu chake dawa ya homa za vipindi: chukua jani la qinghao, liloweke katika maji, likamue, unywe maji yake. Miaka zaidi ya 1600 ikapita. Mwaka 1969 mama mmoja mwanasayansi wa Beijing, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria, akapekua vitabu vya kale pamoja na wenzake. Jani lile walilijaribu, na mara nyingi halikufaa kitu. Ndipo alipokisoma tena kitabu cha Ge Hong, akatambua kwamba mwandishi hakusema kuchemsha. Akafikiri kuwa huenda moto ndio uuao nguvu ya jani. Akaitoa dawa kwa njia isiyohitaji joto kali, akaijaribu kwa panya na nyani mwaka 1971, ikafaa kabisa. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kwanza, wajue kama ina sumu, kabla ya kuwapa wagonjwa. Nchi yetu ikaichagua dawa ya jamii hiyo kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, na mama huyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Angalieni njia aliyoipita. Hakusema, "Imeandikwa zamani, basi nunueni." Aliuliza, akashindwa, akauliza tena, na mwisho akatanguliza mwili wake. Sasa nawauliza wale wanaopaza sauti mnadani: dawa yenu ya kurudisha kumbukumbu imepita njia gani?

Iko moja iliyokwisha kuulizwa sana, nayo ni ile iitwayo ginko. Ni mti wa China wenye majani yaliyokatika mfano wa upepeo, na jina lake limeandikwa katika chupa nyingi zinazouzwa kwetu. Huko Marekani waganga walikusanya watu 3,069, wote wenye umri wa miaka 75 na zaidi, wengi wao wakiwa wazima wa akili na wengine wameanza kusahau kidogo. Nusu walipewa ginko kila siku, nusu wakapewa vidonge vya mfano wake visivyo na dawa ndani, wala hakuna aliyejua yeye anameza kipi. Wakawafuata kwa muda wa miaka sita hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: katika waliomeza ginko, watu 277 walipata ugonjwa wa kusahau, katika waliomeza vidonge vitupu, watu 246. Haikuzuia kitu. Ufaransa nao wakafanya kazi kama hiyo kwa watu zaidi ya 2,800 waliokuwa wakilalamika kwamba wanasahau, wakatangaza mwaka 2012, na jawabu likawa lile lile. Iko dawa nyingine, huperzini, inayotoka katika mmea mdogo wa China. Yasemwa kuwa imewasaidia wagonjwa kidogo huko kwao, lakini majaribio mengi yalikuwa ya watu wachache na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Na Marekani walipoijaribu kwa wagonjwa 210, matokeo yakatoka mwaka 2011, kipimo walichokusudia kukichunguza hakikuwapita wale wasiopewa. Ni haki kusema kwamba waganga wengine wangali wanabishana kama ginko humfaa kidogo mtu ambaye ugonjwa umekwisha kumshika. Lakini kubishana kwa wenye elimu na ahadi ya mnadani kwamba baba atakumbuka majina ya wajukuu wote baada ya chupa tatu, ni mambo mawili yasiyofanana.

Mchuuzi akibanwa hapo, ana maneno matatu ya kujikingia. La kwanza asema, "Hii ni ya asili, haina madhara." Ajabu ni kwamba maneno hayo huyasema kwa watu wa Katavi! Nani kati yetu asiyejua kwamba mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huota katika miyombo, mmoja mtamu kwa ugali na mwingine wa kuua nyumba nzima? Mama zetu huwafundisha binti zao kuupambanua kabla hawajawafundisha kupika. Na mihogo michungu je, si ya asili? Huko Ubelgiji mwaka 1993 waganga walitangaza habari ya wanawake waliopewa mitishamba ya Kichina ili wapungue unene. Jani moja lilikuwa limechanganywa na jingine kwa sababu majina yao ya Kichina yanakaribiana, na hilo la pili lilikuwa na sumu. Figo zao zikaharibika. Wanawake wapata mia hivi waliumia, na baadaye wengine wakapata saratani. Tena uko mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi sana za Kichina ili kupunguza uchungu, na Wachina huuita gancao. Ukinywewa sana hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu katika damu. Mpeni mzee mwenye presha kila siku mwone. Ginko yenyewe yaweza kuongeza kutoka damu kwa mtu anayemeza aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande.

Neno la pili ni, "Hii ni ya kale, ya miaka elfu tano." Hata hilo halina ukweli kwa ginko. Wachina wa kale walitumia hasa kokwa za mti huo, kwa kikohozi na pumu. Dawa iliyotolewa katika majani, hii inayotiwa vidongeni kwa ajili ya kumbukumbu, ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1960. Basi mzee wa ndevu nyeupe katika picha angeulizwa habari za chupa ile, naye angeshangaa kama mimi.

Neno la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote: "Fulani alimeza akapona." Hapo watu wengi hunyamaza, maana wamemwona fulani. Lakini fikirini. Kusahau kidogo kwa mzee hakuendi njia moja. Wengine huzidiwa mwaka kwa mwaka. Wengine hubaki vile vile kwa miaka mingi, hawapungui wala hawaongezeki. Na wengine hurudi katika hali yao, kwa kuwa kilichowasahaulisha kilikuwa msiba, au homa ya muda mrefu, au kukosa usingizi, au kidonge kingine walichokuwa wakimeza. Mwuzie dawa kila mmoja wa hao, na baada ya miezi sita utakuwa na watu wa kutosha wa kukushuhudia. Waliozidiwa hawatasimama mnadani kusema neno. Wao wamekwisha kusahau hata kwamba walinunua. Kwa sababu hiyo wale wa Marekani waliwapa nusu ya watu vidonge vitupu. Pasipo hivyo, hakuna ajuaye ni dawa au ni siku zilizopita.

Hapa yanifaa kumtaja mtu ambaye kaburi lake liko katika nchi yetu hii ya Katavi. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibiwa utotoni akawa mtumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema. Alikuwa mgeni kuliko Mchina yeyote wa leo, na dawa zake zilikuwa ngeni kwa Wabende na Wafipa waliomwona akizifungua. Tena hakudharau majani ya nchi, aliyachunguza na kuyatumia. Lakini tazameni tofauti yake na mchuuzi. Atiman alikaa Karema, akaoa huko, akatibu huko miaka 67, akafa huko mwaka 1956. Aliyempa dawa Jumatatu alikutana naye Jumapili mlangoni mwa kanisa. Kama dawa haikufaa, mgonjwa au mjane wake alijua mlango wa kubisha. Mchuuzi wetu hupanda basi jioni ile ile, au treni ya Kaliua, na namba yake ya simu baada ya mwezi haipatikani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro kubwa ya dawa hizi, kubwa hata kuliko mizizi iliyomo. Anayezitoa hakubali kuulizwa. Na nchi yetu imekwisha kuweka sheria kwa jambo hili, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza la kuwaandikisha watoa tiba hizo. Mwenye dawa njema haogopi kuandikwa jina.

Madhara yake nimeyaona. Mzee mmoja wa kijiji kilicho jirani na shule yangu alikuwa akimeza vidonge vya presha alivyopewa zahanati. Alipoanza kurudia maneno na kupotea njia ya shambani, wanawe wakamnunulia dawa ya Kichina, na aliyeiuza akawaambia kwamba haipatani na dawa za hospitali, basi hizo aziache. Akaziacha. Mwezi wa tatu akaanguka, upande mmoja wa mwili ukafa, na leo hasemi. Sidai kwamba pakiti ile ilimwangusha. Nasema kwamba presha iliyoachwa bila dawa huleta kiharusi, nayo pia huharibu mishipa midogo ya ubongo na kuleta huko huko kusahau ambako wanawe walitaka kukuponya.

Hili watu wengi hawalijui, nami naliona kuwa kiini cha maneno yangu. Kusahau kwa mzee ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na sababu zake ni nyingi. Iko presha, uko ugonjwa wa sukari. Upo upungufu wa vitamini B12, na ugonjwa wa tezi ya shingoni, ambayo hujulikana kwa kupima damu na vina dawa. Iko kaswende ya zamani isiyotibiwa, na virusi vya UKIMWI, ambavyo watu huona haya kuwapima wazee kana kwamba uzee ni kinga. Iko pombe. Iko huzuni nzito ya mtu aliyefiwa na mwenzake wa miaka hamsini, ambayo kwa nje hufanana kabisa na kusahau. Upo na uziwi: mzee haambiwi habari mara ya pili kwa kuwa watu wamechoka kupaza sauti, kisha huhesabiwa kuwa amesahau jambo ambalo hakulisikia kamwe, na pengine masikio yamezibwa na nta tu. Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet waliandika mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya ugonjwa wa kusahau duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa, na katika hayo mna presha, kisukari, uziwi, macho mabovu, tumbaku, upweke, na kukosa shule utotoni. Hakuna hata moja linalotibiwa na pakiti ya mnadani. Na siku mzee anapomeza pakiti, siku hiyo hakuna ampimaye.

Nikiri pia kwamba hospitali haina dawa ya kumrudishia mtu akili iliyokwisha kuharibiwa na ugonjwa wa kusahau wenyewe. Hakuna aliye nayo, hata katika nchi tajiri. Lakini ugonjwa huu ni wetu pia, wala si wa Wazungu kama wengine wasemavyo. Katika wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wakawachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba katika kila wazee mia, sita au zaidi kidogo wanao. Huko huko Hai wakajaribu jambo ambalo halikuhitaji chupa. Wazee wenye ugonjwa huo walikusanywa katika vikundi vidogo, mara mbili kwa juma, vikao 14, wakazungumza habari za zamani, wakaimba, wakataja vyakula na majina, wakacheza michezo ya kufikiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: akili zao zilionekana kupata nafuu, na maisha yao kuwa mepesi. Sisi je, twafanyaje? Mzee akianza kurudia hadithi, twaondoka barazani. Twamnyang'anya jembe, twamkataza kwenda mnadani, twamweka nyuma ya nyumba pamoja na kuku. Kisha twamnunulia dawa ya kumbukumbu.

Na hapa ninyi vijana mlio mbali, mlio Dar es Salaam na Mwanza na migodini, msikie. Wengi wenu ndio mnaotuma fedha za dawa hizo. Najua ni kwa mapenzi. Lakini pakiti imekuwa kwenu kama barua ya kuomba udhuru. Fedha ya chupa tatu ingetosha nauli ya kuja kumpeleka baba hospitali na kukaa naye siku mbili akikusimulia yale yale.

Tena liko jambo la kutisha, nami sitalificha kwa kuwa linasikitisha. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa, wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Macho mekundu ya moshi wa jikoni yametosha kuwa ushahidi. Sasa fikirini bibi aliyesahau njia, akaonekana usiku nje ya nyumba ya mtu, hajui alifikaje, anasema peke yake. Watu hawasemi kwamba anaugua, wanasema amekamatwa akiwanga. Mchuuzi wa dawa ya kumbukumbu haleti panga, ni kweli. Lakini aliahidi kwamba dawa yake humponya kila mtu, na bibi huyu alimeza asipone. Basi majirani wakasema, "Kumbe si ugonjwa." Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Dawa ya uongo huzaa mgonjwa wa uongo, na katika vijiji vyetu mgonjwa wa uongo yuko hatarini.

Basi mwenye mzazi aliyeanza kusahau na afanye hivi. Ampeleke zahanati au hospitali asubuhi, na akifika aulizie dirisha la wazee, kwa maana tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeagizwa kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Aandike katika karatasi, au mtoto wa shule amwandikie, ni lini kusahau kulianza, ni mambo gani husahauliwa, na kama kulikuja ghafula au polepole. Aombe apimwe presha na sukari na damu, atazamwe masikio na macho. Dawa zote za nyumbani azitie katika mfuko mmoja, za hospitali, za miti yetu na za Kichina pia, azimwage mezani mbele ya mganga bila haya. Zile za hospitali asiache hata moja mpaka mganga aseme.

Na mchuuzi akija tena na kipaza sauti chake, asipigwe wala asitukanwe. Aombwe tu aandike, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, jina lake kamili, namba yake katika Baraza, jina la kila jani lililomo katika chupa, na mahali atakapopatikana baada ya miezi sita.